Kwa nini ndugu yako aliye Marekani anapotea Oktoba na Novemba



Leo nijibu swali ambalo wadogo zangu wananiuliza kila mwaka, na najua wengi mliokaa hapo kafe mnajiuliza hilo hilo. Mbona ikifika Oktoba na Novemba ndugu aliye Marekani anapotea? Barua pepe hajibu, simu hapokei, na mkipanga kuonana mtandaoni anachelewa au hatokei kabisa. Wengine husema kishatusahau huyo, kapata maisha. Mimi mwenyewe nimeshasemwa hivyo, na siku hiyo kosa lilikuwa langu kweli. Ngoja niwaeleze ilivyokuwa, halafu mtahukumu wenyewe.

Mimi ni mtu wa Muheza, Tanga. Tunaishi Columbus, jimbo la Ohio. Mwaka 2007 tulikuwa na miaka mitatu tu huku: mimi, baba watoto na mabinti wawili, mkubwa miaka 7, mdogo hajatimiza hata miwili na kazaliwa huku huku. Mimi nilikuwa nahudumia wazee kwenye nyumba ya kulelea wazee. Baba watoto alikuwa anabeba boksi, na hapo sisemi kwa utani wa mtaani. Maboksi hasa, ghalani, kutwa nzima.

Tuanze na hilo neno vuli. Kwenye vitabu vya shule tuliambiwa majira yao ya Septemba hadi Novemba ni vuli. Lakini vuli ya kwetu ni mvua. Zikinyesha, mama anashika jembe anapanda mahindi. Huku ni kinyume: miezi hiyo wanavuna, majani ya miti yanageuka rangi na kupukutika, na kila mtu anakimbizana na baridi kabla haijamkuta. Kwetu vuli ni mwanzo wa kazi ya shamba, kwao ndiyo kufunga hesabu. Ukilielewa hilo umeshaelewa nusu ya haya mambo.

Kwenye familia inakuwa hivi. Shule zinafunguliwa mwishoni mwa Agosti. Mtoto kakua, makoti ya mwaka jana hayamwingii, inabidi mwende dukani. Sisi tulikwenda mitumba. Ndiyo, mitumba Marekani ipo, msione tu mabalo yanashuka bandarini Dar mkadhani wenyewe hawavai. Halafu walimu wanaita wazazi. Halafu mnaanza kupasha nyumba joto na bili ya gesi inapanda. Kila kitu kinataka hela na kila kitu kinataka muda, na watu wenyewe wa kufanya hayo ni wawili tu. Hakuna shangazi wa kukaa na mtoto, hakuna jirani wa kuja kukuna nazi.

Mwaka huo Ramadhani ilianza katikati ya Septemba. Huku siku zinafupika haraka miezi hiyo, karibu dakika tatu kila siku. Siku za mwanzo tulifuturu saa 1:40 usiku hivi, siku za mwisho saa 1. Nilitamani futari ya nyumbani: magimbi, mihogo, na hasa boga la nazi. Maboga yalijaa kila mlango wa duka, makubwa, mekundu ya kung'aa. Nikanunua moja, nikapika na nazi ya kopo, likatoka maji matupu. Jirani Msomali akanicheka, akaniambia hayo makubwa ni ya kuchonga, siyo ya kula. Ya kula ni madogo yenye utamu.

Kuchonga kwenyewe nikakuona mwisho wa Oktoba. Tarehe 31 kuna siku inaitwa Halloween. Boga linatobolewa macho na mdomo, linawekwa mshumaa ndani, linakaa barazani mpaka lioze litupwe. Watoto wanavaa kama mizimu au wanyama, wanapita nyumba kwa nyumba usiku wakiomba pipi. Mimi na baba watoto tulibishana sana: binti aende asiende? Mwishowe alikaa nyumbani na bakuli la pipi, akawa yeye ndiye anayewagawia wenzake mlangoni. Alifurahi kuliko tulivyotegemea.

Sasa tufike kwenye kosa langu.

Mama yangu alikuwa hajamwona mjukuu wake mdogo zaidi ya picha. Baada ya Idi, mdogo wangu wa kiume akasema atamleta Tanga mjini kwenye kafe yenye kamera, tuonane kwa Yahoo Messenger (wengi mtakuwa hamuijui, ilifungwa mwaka 2018). Tukapanga Jumapili tarehe 4 Novemba, saa 10 jioni ya kwao. Nikapiga hesabu: tumepishana saa 7, kwa hiyo kwangu ni saa 3 asubuhi. Nikaandika kwenye karatasi, nikabandika kwenye friji.

Kumbe usiku huo ndio Marekani walikuwa wanarudisha saa nyuma. Yaani ikifika saa 8 usiku, saa zote zinarudishwa zinasoma saa 7. Kwa nini? Kwa sababu mbali na Ikweta mchana unarefuka na kufupika mno. Columbus, mwezi Juni mchana una karibu saa 15, Desemba una saa 9 na kidogo. Basi majira ya joto wanasogeza saa mbele ili jioni iwe na mwanga mrefu, na vuli wanarudisha. Kwetu Tanga tofauti ya mchana mrefu na mfupi kwa mwaka mzima haifiki hata saa moja, ndiyo maana hatuna haja na mchezo huo.

Na mwaka 2007 ndio walibadilisha utaratibu wenyewe. Zamani walikuwa wanarudisha Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Sheria mpya ikasema Jumapili ya kwanza ya Novemba. Mimi nilipoona Oktoba imeisha na saa hazijaguswa, nikadhani mwaka huo imepita.

Asubuhi ile baba watoto akazirekebisha saa zote za ndani, maana alisikia kwenye redio. Mimi sikuunganisha. Nikawaogesha watoto, nikamvika mdogo gauni la Idi, saa 3 kamili nikakaa kwenye kompyuta. Hakuna mtu. Tanga ilikuwa saa 11 jioni.

Nilipiga simu kwa kadi usiku wake. Mdogo wangu akaniambia: "Dada, tulilipia saa nzima, tukakaa mpaka ikaisha. Mama kavaa doti mpya, kapaka wanja, kabeba visheti amwoneshe mtoto kwenye kamera. Ikabidi tuwahi basi la Muheza." Nikauliza mama kasema nini. Akanijibu: "Kasema labda mmechoka."

Jamani, angenigombeza ingekuwa afadhali.

Hapo ndipo Thanksgiving inapoingia, maana ndiyo ilinipa nafasi ya kulipa lile deni. Wengi mmeiona kwenye sinema: familia, meza, na bata mzinga mkubwa katikati. Ni siku ya kutoa shukrani, Alhamisi ya nne ya Novemba. Shuleni watoto wanafundishwa kuhusu mwaka 1621, walowezi wa Kiingereza pale Plymouth, Massachusetts, walipokula sherehe ya mavuno pamoja na wenyeji wa kabila la Wampanoag. Rais Lincoln aliitangaza kuwa siku ya taifa zima mwaka 1863, Alhamisi ya mwisho ya Novemba. Mwaka 1939 Rais Roosevelt akaivuta nyuma wiki moja ili watu wapate siku zaidi za kununua vitu vya Krismasi, zikazuka kelele, mpaka mwaka 1941 Bunge likaweka sheria ya Alhamisi ya nne. Ila si kila mtu anasherehekea. Tangu mwaka 1970 kuna wenyeji asilia wanaokusanyika Plymouth siku hiyo hiyo kuomboleza, kwa sababu waliokuja baada ya ile karamu waliwapora ardhi. Hili binti yangu hakulikuta kwenye daftari la shule, tulimweleza sisi.

Sasa mbona Mbongo anapotea siku ambayo Wamarekani wako mapumziko? Kwa sababu wazee wanahitaji kulishwa na kuogeshwa hata sikukuu. Mahali nilipokuwa nafanya kazi walilipa mara moja na nusu siku hiyo. Wenyeji wanataka kuwa kwao mezani, sisi tunataka ile nusu ya ziada, maana Desemba nyumbani kuna harusi, kuna ada za Januari, kuna bati la mama. Kwa hiyo ndugu yako Alhamisi hiyo huenda hali bata wala nini. Yuko kazini ili wewe upate kitu Ijumaa.

Mwaka huo niliomba zamu ya jioni, asubuhi nikaiacha ya mama. Safari hii sikuandika saa ya Ohio. Niliandika "saa 10 jioni TANGA" kwa herufi kubwa, na tangu saa 1:30 asubuhi nilikuwa nimeshakaa. Saa 2 kamili, mama huyo, na wanja wake. Sikusema kitu kwa dakika nzima. Mdogo alijificha chini ya meza, akachungulia, akaona kisheti mkononi mwa bibi yake, akaja kukigusa kwenye kioo.

Nyuma yangu bata mzinga alikuwa kwenye sinia, mbichi. Mama akamwona.

"Kuku gani huyo? Mna hitima ya nani?"

Tulicheka mpaka mwenye kafe akaja kutazama kuna nini. Nilipomweleza ni siku ya kushukuru, akasema basi mpake ndimu na tangawizi na kitunguu saumu, usiwape watu nyama chapwa. Ndivyo nilivyofanya.

Kwa watakaokutana na bata mzinga siku moja, chukueni somo langu. Mwaka 2005 tulimnunua wa barafu Jumatano usiku, Alhamisi akawa bado jiwe tumboni, tukala wali kwa mchicha. Wa kilo 5 anataka kama siku tatu ndani ya friji kuyeyuka, kilo mbili kwa siku. Usimwache mezani ayeyuke, nje anapata joto huku ndani ni barafu, wadudu wanazaliana. Kwenye oveni ya nyuzi 160 hivi anachukua kama saa tatu, na nyama ya ndani ifike nyuzi 74 ndipo umle. Wetu alichinjwa kihalali, tulimpata kwenye duka la Wasomali, hapa wapo wengi. Tukampakulia juu ya pilau, na boga la nazi pembeni, safari hii lile dogo tamu. Saa 7 mchana tulikula, saa 9 nikawa kazini.

Siku hizi mama ana simu yenye kamera, hahitaji tena basi la Tanga mjini. Lakini saa za huku bado zinahama kila mwaka, kwa hiyo wadau shikeni haya:

1. Kwa ndugu wa New York, Ohio, Washington DC na upande ule wa mashariki, tofauti na Tanzania na Kenya ni saa 7 kuanzia Jumapili ya pili ya Machi, na saa 8 kuanzia Jumapili ya kwanza ya Novemba. Texas na Minnesota ongeza moja: 8 na 9.

2. Uingereza ni saa 2 majira ya joto na saa 3 baridi, ila wao wanabadilisha Jumapili ya mwisho ya Machi na ya mwisho ya Oktoba. Hawaendi pamoja na Marekani.

3. Oman hawabadilishi kabisa. Wako mbele yetu saa moja mwaka mzima.

4. Mkipanga miadi, tajeni saa ya nyumbani peke yake. Saa ya Afrika Mashariki haihami. Anayekaa kwenye saa inayohama ndiye apige hesabu.

5. Asipotokea, msubirini saa moja zaidi kabla ya kusema kawasahau. Kama hela ya kafe haitoshi, mwachieni ujumbe mseme mtarudi lini.

Na nyie wenzangu mlioko ughaibuni, msijifiche nyuma ya uchovu. Ni kweli tunachoka, lakini kuna mtu amepaka wanja anawasubiri.

Wa Muscat, London, Toronto, semeni na nyie kwenu ikoje. Na kama kuna aliyewahi kuachwa kafe anasubiri, asimulie hapo chini.

Naomba kuwasilisha.