Maleba na rangi: Vazi linapofichua siri ya mhusika katika filamu ya kutisha

MALEBA ni mavazi anayovishwa mwigizaji ili kumsawiri mhusika fulani. Katika filamu za kutisha, kazi yake huwa nzito zaidi: huitia hadhira hofu, huielekeza ni nani wa kuaminiwa na, wakati mwingine, huihadaa.

Mfano mwafaka ni filamu ya Us ya mwaka 2019, iliyoandikwa na kuelekezwa na Mmarekani Jordan Peele. Humo, mwigizaji Mkenya Lupita Nyong'o anaigiza wahusika wawili. Adelaide ni mama aliyekwenda likizoni na familia yake huko Santa Cruz, jimbo la California. Red ni kiumbe anayefanana naye kama shilingi kwa ya pili, aliyezuka kutoka chini ya ardhi akidhamiria kumwangamiza.

Kwa kuwa uso ni ule ule, tofauti ilibidi ijengwe kwa sauti, mwendo na nguo. Msanifu wa maleba, Kym Barrett, alimvisha Red na wenzake ovaroli nyekundu na glavu moja ya ngozi. Adelaide naye alivishwa mavazi meupe. Mtazamaji hahitaji kuelezwa zaidi. Kwake, nyekundu ni damu na hatari, nyeupe ni unyofu.

Hata hivyo, hapo ndipo mtego ulipotegwa. Kadiri mapambano yanavyopamba moto, ndivyo damu inavyotapakaa katika nguo za Adelaide, naye anazidi kuwa katili. Hatimaye inabainika kuwa wawili hao walibadilishana nafasi utotoni, mwaka 1986. Adelaide tuliyemhurumia ndiye aliyetoka chini. Red tuliyemwogopa ndiye mtoto aliyenyang'anywa maisha yake. Madoa yalikuwa yameshatoa ushahidi kabla ya mhusika kufungua kinywa.

Hata ovaroli hizo zina asili yake. Usiku alipotekwa, mtoto huyo alikuwa amevaa fulana ya Thriller, albamu ya Michael Jackson, mwanamuziki aliyesifika kwa kuvaa glavu moja na ambaye alivaa jaketi jekundu katika video ya wimbo wa jina hilo. Isitoshe, mnamo Mei 25, 1986, mamilioni ya Wamarekani walishikana mikono katika kampeni ya Hands Across America ya kuwachangia wenye njaa na wasio na makao. Tangazo la kampeni hiyo linaonekana mwanzoni mwa filamu. Mwishoni, viumbe wa Red wanashikana mikono vivyo hivyo, wakiwa wamevalia nyekundu. Ni kana kwamba kumbukumbu za mtoto aliyezikwa hai zimeshonwa zikawa sare ya jeshi.

Kwa wanaotayarisha michezo na filamu, funzo ni bayana. Rangi haina maana moja isiyobadilika. Maana yake hutokana na anayeivaa, wakati anapoivaa na jinsi inavyogeuka kadiri kisa kinavyosonga. Kitambaa kilichochaguliwa kwa makini chaweza kuifanya hadhira imhukumu mhusika kwa nguo zake, kisha iijutie hukumu hiyo. Kikulacho, walisema wahenga, ki nguoni mwako.