Fizi Zako, Vita vya Mwili Wako: Dawa Isiyoua Bakteria

Umewahi kupiga mswaki, ukatema, ukaona damu kwenye sinki? Wengi wetu tunasuuza tu na kuendelea na siku. Lakini damu hiyo ni dalili kwamba kuna vita kwenye fizi zako.

Vita huanzishwa na bakteria wanaoishi kwenye ukoga, ule utando unaonata kwenye meno. Cha kushangaza ni hiki: sehemu kubwa ya uharibifu hufanywa na mwili wako mwenyewe. Chembe nyeupe za damu zikija kupambana, humwaga vimeng'enya vinavyokata kolajeni, yaani nyuzi zinazoshikilia jino kwenye mfupa. Vita vikiisha mapema, mwili hujikarabati. Vikidumu miaka, nyuzi hukatika, mfupa huliwa, jino hulegea.

Sasa, je, tunaweza kuutuliza mwili? Miaka ya 1980, Lorne Golub na wenzake kule Stony Brook, New York, waliwapa panya wenye kisukari antibiotiki iitwayo minosaiklini. Vimeng'enya vikapungua, hata kwa panya waliolelewa bila bakteria yoyote! Kumbe dawa hiyo ilikuwa na kazi ya pili.

Ndipo ikaja doksisaiklini ya miligramu 20, mara mbili kwa siku, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1998. Linganisha na kidonge cha kawaida cha miligramu 100. Dozi hii ni ndogo mno kuua bakteria, ila inatosha kuvibana vimeng'enya. Hutumika kwa miezi kadhaa, pamoja na kusafishwa mizizi ya meno.

Inasaidia? Kiasi. Mwaka 2015, chama cha madaktari wa meno cha Marekani kilikadiria kuwa kusafisha mizizi hurudisha mshiko wa jino kwa takriban nusu milimita, na dozi hii huongeza kama theluthi ya milimita. Mwaka 2020, wataalamu wa Ulaya walishauri isitumike.

Kwa hiyo usikimbilie duka la dawa kununua doksi uigawegawe nyumbani. Hutapata kipimo sahihi, na haifai kwa wajawazito wala watoto wadogo. Tena ukoga ukibaki, chanzo cha vita kimebaki. Fizi zikiendelea kutoa damu, muone daktari wa meno kabla jino halijaanza kucheza.