Kufuli, King'ora na Jirani

Huko Marangu, katika miteremko ya Kilimanjaro, yangaliko mahandaki ambayo Wachagga waliyachimba kujikinga na wavamizi. Mlango wake ulikuwa mwembamba. Adui alilazimika kuingia akitambaa, ilhali mlinzi akimngoja ndani. Kufuli nalo hufanya kazi hiyo hiyo: humchelewesha mwizi, wala halimzuii daima. Kitambuzi cha king'ora huhisi badiliko la mnururisho wa infraredi, yaani nuru ya joto isiyoonekana, mtu apitapo mbele yake (na mbwa pia, kwa bahati mbaya). Lakini king'ora huita tu. Basi mkazi wa Moshi, kabla ya kununua mtambo, na apime: kufuli litamchelewesha mwizi dakika ngapi, na jirani atafika baada ya dakika ngapi? Nao ukuta mrefu, mwizi akiisha kuuruka, humficha asionwe na jirani huyo.