Chumba cha Kalokol: Nyeupe au Kijani?

Mtu wa pwani akipata chumba Kalokol, baada ya kuuliza maji yako wapi huuliza chokaa. Kwao, iwe Lamu au Mji wa Kale wa Mombasa, ukuta safi ni ukuta mweupe, mweupe kama kanzu ya Ijumaa. Mwenzake aliyetangulia humshauri apake kijani, eti ndiyo rangi ya baridi. Basi ubishi huanza.

Lamu ilikuwa na sababu zake. Vyumba vya nyumba za mawe ni vyembamba, kwa kuwa upana wake ulifuata urefu wa boriti za mikandaa, na mwanga huingia kutoka kiwandani tu, ukipungua kila unapokwenda ndani. Ukuta mweupe huusukuma mwanga ule mchache mpaka chumba cha nyuma. Tena chokaa, ya matumbawe yaliyochomwa, huuacha ukuta utoe unyevu. Ukiufunika kwa rangi ya mafuta, haupiti muda rangi ikaanza kubambuka.

Lakini Kalokol si Lamu. Iko magharibi ya Ziwa Turkana, lililoitwa Rudolf hadi 1975, karibu kilomita 60 kutoka Lodwar, na mvua ni chache mno. Huko unyevu si adui. Adui ni mng'aro: jua, mchanga na maji, vyote humpiga mtu machoni. Akiingia ndani akakuta weupe mtupu, macho hayapati mapumziko. Kijani, rangi ya ziwa lenyewe kwa ajili ya mwani wake, huyatuliza.

Kuhusu joto, hata hivyo, wote wawili wamekosea. Rangi ya ndani haizuii kitu. Joto limekwisha kupenya batini. Bati lenye kutu huwaka kama kikaango mchana wa nyuzi 35, ilhali likipakwa nyeupe kwa juu hurudisha sehemu kubwa ya miali kabla haijawa joto. Ukuta wa nje unaotazama magharibi ni vivyo hivyo. (Waturkana wanaoezeka kwa makuti ya mikoma hawana haja ya debe la rangi, upepo hujipitia.)

Kwa hiyo mwenye fedha za debe moja la nyeupe, alipeleke juu ya bati. Akijaliwa la pili, ndani apake kijani hafifu, si kile cha mlango wa msikiti, maana kikikolea chumba chenye dirisha dogo hugeuka pango. Na dari, kama ipo, ibaki nyeupe, ili anayefungua msahafu baada ya Alasiri azione herufi bila kuwasha taa.