Betri ya taa ikikataa kushika chaji

Betri ya gari ya volti 12 inayowasha taa na redio ikikataa kushika chaji, msikimbilie kuiuza kwa mnunuzi wa vyuma chakavu. Huenda ina kiu tu. Fungueni vifuniko (ile iliyozibwa kabisa msiiguse). Mkiona sahani zimetokeza, ongezeni maji ya betri, yale yasiyo na asidi, mpaka zifunikwe, kisha ichajiwe. Maji ya kisima yana chumvi, yataiharibu. Taa ikianza kufifia, zimeni: betri ikilala tupu siku nyingi huenda isipone.

Inapochajiwa hutoa gesi inayolipuka. Iwekwe nje, mbali na jiko na watoto. Asidi ikiingia jichoni, osheni kwa maji safi mengi dakika 20, kisha wahini zahanati.