Nkasi si mchezo!

Sisi wa Kate, huku juu Ufipa, tumezoea: ukipita kura za maoni za CCM, ubunge uko mfukoni. Ile kura ya Oktoba ni kugonga muhuri tu.

Wazee wetu nao walipiga kura za chama kimoja tangu 1965. Wagombea wawili, huyu jembe, yule nyumba. Lakini vigogo walianguka bwana! Mwaka ule ule Paul Bomani, Waziri wa Fedha, alibwagwa.

Sasa sikia ya jirani zetu wa Nkasi Kaskazini. Oktoba 28, 2020, CCM ilizoa majimbo 256 kati ya 264. Chadema ikaambulia moja tu nchi nzima, tena si Dar wala Arusha, ni hapo Namanyere! Aida Khenani, aliyekuwa Viti Maalum, alimwangusha Ally Keissy, mbunge wa vipindi viwili. Mimi naamini watu walimtazama mtu, rangi ya bendera wakaiweka kando.

Mwaka 2025 Chadema haikuwamo kabisa kwenye karatasi. Vyama vidogo vilikuwamo, ndiyo. Lakini kijana wa Kate asiye na kadi ya CCM, kwenye kura za maoni haingii. Sasa huyu mbunge wake anamchagulia wapi?