Mkulima wa kabaila hakuwa mtwana

Mwanafunzi akiulizwa ukabaila ni nini, mara nyingi huigawa jamii mafungu mawili: kabaila juu, mtwana chini. Basi, kazi imekwisha! Neno hilo la pili ndilo linalonitatiza. Mtwana kwa Kiswahili ni mtumwa wa kiume. Je, ndivyo alivyokuwa mkulima wa Ulaya katika Zama za Kati?

Hebu tuitazame Uingereza. William wa Normandy alipoiteka mwaka wa 1066, ardhi yote ilihesabiwa kuwa ya mfalme, naye akawagawia wakuu wa jeshi lake. Hawakuuziwa. Aliyepewa alipiga magoti, akaviweka viganja vyake kati ya viganja vya mfalme, akala kiapo cha utiifu. Alilipia ardhi hiyo kwa kutoa askari wapanda farasi, ambao kwa desturi walitumika siku 40 kwa mwaka. Naye aliwamegea wengine kwa masharti kama hayo. Hivyo, karibu kila bwana alikuwa na bwana wake.

Mzigo wote ulimwangukia mkulima. Alikuwa na kishamba chake, lakini siku kadhaa za wiki alilima la bwana bila ujira. Nafaka aliisaga kwenye kinu cha bwana, kwa malipo. Akimwoza binti, alitozwa. Akifa, bwana alichukua mnyama wake aliye bora. Wala hakuruhusiwa kuhama bila idhini.

Mateso? Naam. Utumwa? La. Domesday Book, sajili ya ardhi ya mwaka wa 1086, iliwaorodhesha watumwa mbali na wakulima hawa. Kwa desturi, kishamba cha mkulima kilirithiwa na wanawe. Na akitorokea mji wenye hati ya mfalme, akaishi humo mwaka mmoja na siku moja bila kukamatwa, alihesabiwa kuwa huru.

Ndiyo maana napendelea tumwite 'mkulima mfungwa wa ardhi'. Jina ni refu, lakini halipotoshi. Tukishikilia 'mtwana', hatutaelewa madai ya wakulima walioasi mwaka wa 1381 na kumkabili Mfalme Richard II jijini London. Hawakuomba kuondolewa shambani, ng'o! Walitaka kubaki papo hapo wakiwa watu huru, wakilipa kodi ya peni 4 kwa ekari.